Sungura Wako Analala Lini, Anakula Nini: Mwongozo Kamili wa Kumpangia Siku Yake

Swali la kwanza la mtu aliyeleta sungura nyumbani huwa la usingizi: mbona huyu halali? Usiku anakwaruza banda, alfajiri anarukaruka, na mchana watoto wakirudi shule wanamkuta amejikunyata kimya, macho wazi. Swali la pili huja baadaye: mbona leo amekataa kula? Hili huulizwa kwa jirani, lile huulizwa agroveti, kana kwamba hayahusiani. Mimi nafuga sungura wa kukaa nao, si wa kitoweo, na ninaloamini ni kwamba maswali hayo mawili ni swali moja. Tumbo la sungura ndilo linalopanga usingizi wake. Ukijua saa anazokula, saa tumbo linapofanya kazi na saa anapokula kinyesi chake mwenyewe (ndiyo, anakila, na ni lazima akile), utajua pia saa za kumwacha apumzike.

Ninayemzungumzia hapa ni sungura wa kufugwa, ambaye mababu zake walitoka Hispania na Ureno na ambaye uzao wake ndio New Zealand White, California, Chinchilla na Flemish Giant tunaowaona mabandani. Sungura pori wa kwetu anayekatiza barabara usiku ni wa jamii nyingine, na hafai kufungiwa ndani.

Hatua ya kwanza: zijue saa zake

Sungura si mnyama wa mchana, wala si wa usiku wa manane. Ni mnyama wa mapambazuko na machweo. Huko porini, mchana mwewe wanaona kila kitu, na usiku wapo wanyama wanaowinda gizani. Mwanga hafifu wa alfajiri na jioni ndio unaompa nafasi nzuri ya kutoka na kula. Tabia hiyo haikuondoka alipoingia kwenye banda lako la mbao huko Mbagala au Kayole.

Hapa Afrika Mashariki tuna bahati. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Unaposikia adhana ya alfajiri, sungura wako tayari yuko macho. Inapofika magharibi anaanza duru yake ya pili, nayo ndiyo kubwa zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya chakula chake hukila kuanzia jioni na kuendelea kidogo kidogo usiku. Kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, mara nyingi utamkuta amejilaza.

Kwa siku nzima hulala jumla ya saa nane hivi, wengine zaidi, lakini hazilali mfululizo kama mtu. Huzikata vipande vipande vya dakika chache chache, akiamka, akijilamba, akitafuna kidogo, kisha akisinzia tena. Kwa hiyo usihesabu usingizi wake kwa mara moja uliyopita ukamkuta macho.

Chukua daftari, na kwa wiki ya kwanza andika mambo matatu tu: saa uliyomwona akila, saa uliyomwona amejilaza, na kama kinyesi kipo chini ya banda asubuhi na jioni. Usibadilishe chochote kwanza. Mwisho wa wiki utakuwa na picha ya sungura huyo hasa, maana wanatofautiana, na picha hiyo itakusaidia sana siku atakapougua.

Hatua ya pili: jifunze kusoma mlalo wake

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Sungura anaweza kulala macho yakiwa wazi. Ana kope la tatu, utando mwembamba unaolinda jicho lisikauke, na macho hayo yako pembeni mwa kichwa ili aone hatari karibu kila upande. Ukitaka kujua kama amelala, usitazame macho. Tazama pua. Sungura aliye macho, pua yake huchezacheza bila kupumzika. Usingizi ukimwingia huanza kupungua mwendo, na ukizama kabisa pua hutulia.

Milalo yenyewe ina maana. Akijikunja na kuficha miguu yote chini ya mwili, masikio yamelala mgongoni, anasinzia lakini yuko tayari kukimbia. Akinyoosha miguu ya nyuma na kulaza tumbo sakafuni, amepumzika vizuri, au anatafuta ubaridi wa sakafu. Mlalo wa tatu ndio unaowatia watu hofu: anajitupa ubavu ghafla, macho yamefumba, na anabaki hivyo bila kusogea. Watoto hupiga kelele kwamba sungura amekufa. Hajafa. Huo ndio usingizi wa sungura aliyeridhika na mahali pake, na wengine hukaa nawe miezi kabla ya kukuamini kiasi hicho. Tazama ubavu kama unapanda na kushuka, kisha ondoka taratibu. Akitikisa masikio au miguu akiwa usingizini, ni kawaida pia.

Sauti nayo isome. Kusaga meno kwa upole, karibu kutosikika, wakati unampapasa kichwa, ni raha. Kusaga kwa nguvu huku amejikunja na kukataa kuguswa ni maumivu. Tofauti hiyo ni ya kuijua kabla hujaihitaji.

Hatua ya tatu: mtengenezee mahali pa kulala

Mpe kisanduku chenye kivuli, kikubwa cha kumwezesha kugeuka na kujinyoosha, na kiwe na matundu mawili ya kutokea, maana sungura hapendi mahali pasipo na njia ya pili. Boksi la katoni lisilo na rangi nyingi wala pini linatosha. Sakafu yote ya waya inaumiza nyayo, kwa hiyo weka ubao au mkeka upande mmoja, na juu yake majani makavu mengi. Mabaki ya randa ya misonobari mibichi yaepuke. Harufu yake kali haifai mapafu yake.

Joto ndilo tatizo kubwa la pwani. Sungura hutokwa na joto hasa kupitia masikio, na anaona raha kwenye nyuzijoto 15 hadi 20 hivi. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa kati ya Desemba na Machi huvuka 30 bila shida. Banda la bati lililo juani saa saba mchana linaweza kumuua. Lihamishie chini ya mti au upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana, lipitishe hewa, na mpe kigae cha sakafu alalie. Chupa ya maji yaliyogandishwa, iliyofungwa kitambaa, iweke pembeni ili aende mwenyewe akitaka. Ukimkuta anahema kwa mdomo wazi, masikio ya moto na mate yanamtoka, lowesha masikio yake kwa maji ya kawaida (si ya barafu), mweke kivulini na umpeleke kwa daktari wa mifugo hapohapo.

Wa Nairobi, Arusha au Njombe wana shida tofauti: upepo na unyevu wa Julai. Baridi kavu anaivumilia vizuri; majani yaliyolowa na upepo unaompiga usiku kucha haviwezi.

Jambo moja ambalo vitabu vya wafugaji wa Ulaya havikuandalii ni siafu. Wakiingia bandani usiku, sungura hana pa kukimbilia. Miguu ya banda iweke kwenye makopo yenye oili chafu, na hakikisha hakuna jani wala kamba inayogusa ukuta ikawa daraja lao. Ukisikia usiku sungura anapiga mguu chini kwa kishindo, na anarudia, amka ukaangalie. Hachezi, anatoa taarifa ya hatari, iwe paka, nyoka au siafu wenyewe.

Hatua ya nne: lielewe tumbo kabla ya kununua chakula

Nakuomba usiiruke hatua hii, kwa sababu mengine yote yanatoka hapa.

Tumbo la sungura limeumbwa kwa majani yenye nyuzinyuzi nyingi na virutubisho vichache, yanayoingia muda wote. Chakula kikifika mwanzo wa utumbo mpana hugawanywa njia mbili. Nyuzi ngumu husukumwa nje upesi na kuwa vile vinyesi vikavu vya mviringo unavyovizoa kila siku. Chembe laini hurudishwa nyuma kwenye sekamu, kifuko kikubwa kilichojaa bakteria wanaozichachusha. Kinachotoka humo ni kinyesi cha pili: laini, kinang'aa, kimeshikana kama kishada cha zabibu ndogo, chenye harufu kali. Hicho sungura hukichukua kwa mdomo moja kwa moja kutoka mkunduni na kukimeza. Ndani yake mna protini, vitamini B na K, na bakteria wa kurudisha tumboni.

Saa anayofanya hivyo ndiyo ile unayodhani amelala tu. Sungura wa nyumbani hutoa kinyesi hicho laini hasa mchana wakati wa mapumziko, saa kadhaa baada ya kula. Ukimwona ameinamisha kichwa chini ya tumbo kisha anatafuna, mwache. Mtu anayemtoa bandani kila saa ili acheze na watoto anamnyang'anya usingizi na mlo kwa pamoja. Ndiyo maana nasema mchana wa sungura ni wa kuheshimiwa.

Ukikuta kinyesi laini kimebaki sakafuni au kimegandamana makalioni, si lazima iwe ugonjwa wa kuambukiza. Mara nyingi anapewa wanga na sukari nyingi kuliko nyuzinyuzi, au amenenepa mno hawezi kujifikia. Hapo rekebisha chakula kwanza.

Mambo mawili zaidi. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo alichomeza kibaya hakina njia ya kurudi. Na meno yake 28 hayaachi kukua maisha yote; ya mbele huongezeka kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Kinachoyasaga ni kutafuna majani makavu kwa muda mrefu.

Hatua ya tano: hei iwe chakula kikuu

Asilimia 80 au zaidi ya anachokula sungura mkubwa iwe hei, yaani majani makavu, pamoja na nyasi. Isipimwe wala isiishe, usiku na mchana. Rundo la ukubwa wa mwili wake kwa siku ni kadirio zuri.

Kenya na kaskazini mwa Tanzania marobota ya nyasi kavu za boma rhodes ni rahisi kupatikana, na yanamfaa sana. Lusani, ambayo wengine huiita alfalfa, ina protini na kalsiamu nyingi. Ni nzuri kwa wenye umri chini ya miezi sita na kwa mama mwenye mimba au anayenyonyesha, lakini kwa mkubwa anayekaa tu iwe kidogo, la sivyo kalsiamu hurundikana kwenye mkojo na kuleta mchanga kibofuni.

Kama hei haiuzwi ulipo, itengeneze. Kata ukoka au nyasi nyingine laini kabla hazijatoa mbegu, umande ukishakauka. Zitandaze kivulini penye upepo, zigeuze mara kwa mara kwa siku mbili hadi nne mpaka zikatike zikikunjwa. Zikibaki na rangi ya kijani na harufu nzuri, umefaulu. Zihifadhi kwenye gunia la katani, juu ya mbao, si sakafuni wala kwenye mfuko wa plastiki. Zenye vumbi jeupe au harufu ya uvundo zitupe zote. Ukungu hauondoki kwa kuanika tena. Nyasi za kando ya barabara, au za shamba lililopuliziwa dawa, usizikate kabisa.

Hatua ya sita: mboga, vidonge na vitamu

Mboga mbichi mpe konzi moja hadi mbili kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na uchanganye aina mbili tatu. Yanayomfaa tunayo tele: matembele, giligilani (dania), nanaa, rehani, majani ya karoti, na mchunga, ule unaoota wenyewe mashambani na ambao watoto wa vijijini wamewachumia sungura miaka yote. Kishona nguo kikiwa kichanga pia wanakipenda. Mchicha na spinachi ziwe mara chache, kwa sababu zina oksalati, kemikali ya majani isiyomfaa ikizidi. Sukuma wiki na kabichi kidogo kidogo. Ukizidisha zinajaza gesi. Osha, kung'uta, usimpe yaliyochacha ndani ya mfuko.

Sungura mdogo chini ya miezi mitatu aletewe mboga moja moja, kipande kidogo, na usubiri siku mbili tatu uone kinyesi chake kabla ya kuongeza nyingine.

Vidonge vya dukani, yaani chakula cha sungura kilichoshindiliwa vipande vidogo (si dawa), ni nyongeza tu. Gramu 25 kwa kila kilo ya uzito zinatosha, kwa hiyo sungura wa kilo mbili apate gramu 50 kwa siku, si bakuli lililojaa. Soma mfuko: nyuzinyuzi ziwe angalau asilimia 18. Kumbuka vingi vimetengenezwa kwa mfugaji anayetaka nyama ndani ya miezi mitatu au minne, wakati wako unataka aishi miaka 8 hadi 12. Chakula cha kuku usimpe. Kina wanga mwingi, na baadhi huwekwa dawa zilizopimwa kwa ajili ya kuku. Pumba ya mahindi ina hatari ya sumukuvu, na nyuzinyuzi zake hazimsaidii anavyohitaji.

Karoti yenyewe, ndizi, embe na papai ni peremende kwake. Kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, mara mbili tatu kwa wiki, basi. Mkate, ugali, wali na biskuti vina wanga wa kuwavuruga bakteria wake wote. Waambie wageni na watoto mapema.

Haya hayagusi mdomo wake: parachichi na majani yake, majani ya viazi mviringo na ya nyanya, vitunguu vyote, maharage mabichi, majani mabichi ya muhogo, lantana, mnyaa wa ua na chokoleti. Ongeza majani ya lukina, ule mti wanaolishwa mbuzi, maana yana sumu iitwayo mimosini inayomnyonyoa manyoya na kumdhuru.

Ukibadilisha chakula chochote, changanya cha zamani na kipya kwa siku 7 hadi 10.

Hatua ya saba: maji

Imani kwamba sungura hanywi maji kwa sababu anakula majani imewaua wengi. Anahitaji mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo kwa siku, na wakati wa joto zaidi. Bakuli zito la udongo ni bora kuliko chupa ya kuning'iniza, kwa kuwa hunywa kwa urahisi. Badilisha asubuhi na jioni. Mkojo ukiwa mwekundu au wa rangi ya chungwa siku moja moja, mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula. Ukiona matone ya damu au anajikakamua kukojoa, hilo ni la daktari.

Hatua ya nane: ipange siku

Saa kumi na mbili asubuhi: safisha, toa hei ya jana iliyolowa, weka mpya, badilisha maji, mpe nusu ya vidonge. Mwache atoke acheze kwa muda wa saa moja hivi kabla watu hawajatawanyika. Tazama kinyesi cha usiku: kiwe kingi, kikavu, saizi sawa.

Saa tatu hadi saa kumi jioni: kimya. Hei na maji vipo, basi. Redio isiwe juu ya banda, na watoto wajue kwamba sasa ni zamu yake ya kulala.

Saa kumi na moja jioni: mboga. Huu ndio wakati wa kumtoa, kumpapasa, kumzoesha, kwa sababu yeye mwenyewe anataka. Ukiona anaruka juu akijipinda hewani, amefurahi.

Saa tatu usiku: vidonge vilivyobaki na rundo kubwa la hei la usiku. Kisha zima taa. Anayekwaruza waya usiku wa manane mara nyingi hei imemwishia, au hakupata mazoezi jioni. Hali hiyo hupungua sana sungura akiwa na mwenzake. Wawili, waliohasiwa na kuzoeshwana polepole, hulala wameegemeana na huwa watulivu zaidi.

Hatua ya tisa: itambue siku ambayo si usingizi

Amejikunja pembeni saa ya magharibi, saa ambayo daftari lako linasema huwa anaruka. Macho nusu wazi, anasaga meno kwa nguvu, tumbo gumu, hataki hata giligilani. Chini ya banda hakuna kinyesi, au kuna vidogo vidogo. Huyo halali. Utumbo wake umesimama, na huo ni ugonjwa unaoua haraka. Sungura asiyekula kwa saa 12 ni wa dharura, hata kama ni usiku wa Jumapili.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo, umweleze alikula nini na mara ya mwisho alitoa kinyesi lini. Njiani mfunike awe na joto kama masikio yamepoa. Usimmiminie mafuta ya kupikia, soda wala maziwa. Na usimpe amoksilini au ampisilini ya kumeza iliyobaki nyumbani, hata muuzaji akikuhakikishia: dawa hizo zikipita mdomoni huua bakteria wazuri wa sekamu, na sumu inayofuata humuua sungura. Kama hujui pa kwenda, walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na Nairobi kuna kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete. Tafuta namba zao leo, akiwa mzima.

Ukisafiri, hayo yote mwachie jirani kwa maandishi: hei kiasi gani, vidonge vimeshapimwa kwenye vikopo vya kila siku, mboga zipi na zipi hapana, namba ya daktari. Mwombe apite mara mbili, alfajiri na magharibi, kwa sababu mchana hataona kitu. Na mwambie kwamba akimkuta amejitupa ubavu saa saba mchana, aangalie ubavu unavyopanda na kushuka kabla ya kukupigia simu.